Watoto 90, mwalimu mmoja: namna ya kumfikia kila mtoto bila kujimaliza

Tuanze na hesabu, manake hesabu haina siasa. Mtaala wetu wa P1 mpaka P3 (darasa la kwanza mpaka la tatu) hapa Uganda, ule wa mada ulioanza 2007, kipindi kimoja ni dakika 30. Sasa una watoto 90 mbele yako na unataka kila mmoja apate haki yake sawa na mwenzake, haya gawa: kila mtoto sekunde 20. Na hapo bado hujafuta ubao, hujatuliza wale wanaogombania kalamu, hujamruhusu yule anayebana miguu anataka kwenda chooni. Sekunde 20 hazitoshi hata mtoto wa P1 kumaliza kukwambia jana kwao kulitokea nini. Kwa iyo akija mkaguzi akakwambia "mwalimu, kila mtoto ashughulikiwe kila kipindi", mwitikie ndiyo masta, mpe kiti akae, andika kwenye kitabu alichosema, ila usijitese kujaribu.

Fanya hivi badala yake: acha kuwanyunyizia wote kidogo kidogo kila siku. Shika watoto watano leo, uwashike kweli, kesho wengine watano. Watoto 90 kwa mwendo huo ni siku 18 za shule, hazifiki wiki nne. Temu ina wiki 12 hivi, basi kila mtoto anakaa na wewe vizuri mara tatu kwa temu, mara tisa kwa mwaka. Unaona ni chache? Kuna watoto wanafika P7, wanakaa PLE, ule mtihani wa kumaliza praimari, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kukaa chini na wao peke yao kuwauliza wanafikiriaje.

Naongea zaidi na walimu wa madarasa ya chini kwenye shule za serikali, huku kwetu Busia na Tororo, na wenzetu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali ambao darasa limejaa watoto waliotoka Kongo na mlango haufungi. Wale wa praiveti wenye watoto 25 msome tu, yatawafaa mengine.

Jinsi tulivyofika hapa tunajua wote. UPE, mpango wa praimari ya bure kwa wote, ilianza 1997, watoto wa praimari wakatoka kama milioni 3 wakapita milioni 5 ndani ya mwaka mmoja, madarasa hayakuzaliana kwa spidi iyo. Naseri nyingi ni za kulipia, basi P1 unapokea mtoto aliyeshika penseli tangu ana miaka mitatu amekaa dawati moja na mwingine ambaye leo ndo anaiona. Alafu wanapanda darasa wote, aliyeelewa na asiyeelewa. Alafu korona ikafunga shule muda mrefu, kuanzia Machi 2020 mpaka 10 Januari 2022, umri ukachanganyika zaidi. Siwalaumu waliofungua milango, mimi naona ni bora mtoto awe ndani darasa likiwa limejaa kuliko awe nje anachunga mbuzi, lakini kazi ya kuwapanga wametuachia sisi.

Majina na viti kwanza

Huwezi kumfuatilia mtu usiyemjua jina. Unakuta mwalimu temu imefika katikati bado anaita "wewe wa sweta ya bluu" na sweta ya bluu ndo yunifomu yenyewe, wanasimama saba. Wiki ya kwanza panga viti, kila dawati lipe namba, chora ramani ya darasa kwenye karatasi moja na uibandike ndani ya jalada la kaunta buku lako. Watoto wakae palepale angalau nusu temu. Ukitaka kuhamisha, hamisha wewe, wasihame wao kwa kufuata marafiki.

Andika majina mawili mawili. Kwetu mapacha ni wengi na majina yao yanajulikana kabla hawajazaliwa, darasa moja unakuta Kato watatu na Opio wawili, na kuna siku utampongeza Kato mmoja kwa kazi ya Kato mwingine, mtoto mwenyewe anakushangaa tu.

Unapopanga, angalia nani anakaa wapi. Ukiacha wajipange, wepesi wanakimbilia mbele, wanyonge wanasukumwa kona ya nyuma, na kwa kawaida macho ya mwalimu yanaishia dawati la tatu. Vunja iyo. Acha pia njia katikati ya madawati, na njia iyo uipime kwa mwili wako wewe mwalimu, siyo kwa mwili wa mtoto, manake kama huwezi kupita hutaenda, utabaki mbele na chaki. Kama watoto wanakaa chini, chora mistari ya chaki sakafuni na uwafundishe kwamba pale hapakaliwi. Wiki moja wanazoea.

Kitu kingine cha bure kabisa: kata vijiti vya matete au mianzi, kila kijiti jina la mtoto, weka kwenye mkebe. Ukiuliza swali usitafute mikono iliyo juu, chomoa kijiti. Mikono iliyo juu ni ileile sita kila siku, inakudanganya kwamba darasa limeelewa. Mtoto akijua jina lake liko ndani ya mkebe anakaa macho. Na asipojua jibu usimsimamishe pale aaibike, mwambie "sawa, sikiliza mwenzako alafu narudi kwako," na urudi kweli.

Kaunta buku

Nunua moja nene. Kila mtoto ukurasa wake, hata nusu ukurasa inatosha. Siku unayokaa naye unaandika tarehe na mistari miwili: ameweza nini, amekwama wapi, mara ijayo nimuulize nini. Basi. Usiandike riwaya, utachoka wiki ya pili utaacha.

Na andika kitu unachoweza kukifanyia kazi. "Dhaifu" haikusaidii chochote, "mvivu" ndo kabisa. Andika "anachanganya b na d", "anasoma kwa kukariri", "anajua kujumlisha mpaka 20 akitumia vifuniko vya soda, bila vifuniko anabahatisha", "amesinzia saa nne asubuhi mara ya pili, uliza kama anakunywa chai". Ukisoma mwezi ujao unajua pa kuanzia.

Wale watano wa siku usiwachague kwa uwezo. Chukua mmoja kila mstari, mchanganyiko, mwepesi na mzito na wa katikati. Ukianza kuwaita wazito peke yao, watoto siyo wajinga, siku ya pili tu utasikia "leo wanaitwa mabutu" na yule uliyetaka kumsaidia atajificha chini ya dawati. Ratiba iende kwa orodha, kila mtu anajua zamu yake itafika, na utaona wengine wanakuja wenyewe asubuhi, "madamu, leo mimi?"

Asiyekuja siku ya zamu yake usimruke. Huku mpakani siku ya soko darasa linapungua, msimu wa kupanda linapungua tena, na wanaokosa ni walewale. Weka alama pembeni, akirudi anaanza yeye.

Hao 85 wengine wanafanya nini?

Hapa ndo mpango mzima unasimama au unaanguka, na hapa ndo walimu wengi wanaacha. Unakaa na mtoto mmoja, dakika moja nyuma yako wameanza kurushiana vifuniko.

Siri ni kwamba kazi unayowapa wakati uko na mtu isiwe mpya. Kazi mpya inaleta maswali, maswali yanaleta foleni, foleni inaleta vurugu. Wape kitu wanachokijua namna ya kukifanya, kinachobadilika ni maneno au namba tu. Kwa mfano kusoma wawili wawili, mmoja anasoma mwingine anafuata na kidole, wakimaliza wanabadilishana. Au kufunga vijiti mafungu ya kumi kumi na kuandika namba yake. Au umechora picha ubaoni, soko, mama anauza ndizi, mbwa anapita, nao wanaandika sentensi zao, anayeweza mbili aandike mbili, anayeweza sita aandike sita. Kunakili ubaoni kutoka juu mpaka chini siipendi, inawanyamazisha tu, ila siku umechoka kabisa siwezi kukuhukumu.

Wiki mbili za mwanzo usimwite mtoto yeyote. Fundisha utaratibu peke yake. Sasa tunasoma wawili wawili, anza, simama, nani amebadilishana, rudia. Wewe unazunguka tu unaangalia. Wiki iyo utaona kama unapoteza taimu na skimu, ule mpango wa masomo ya temu, inakimbia mbele, vumilia. Wakishajua, ndo uanze kuita.

Weka na njia ya kukwama: ukikwama muulize jirani yako, akishindwa muulize kiongozi wa grupu, naye akishindwa andika ulipoweza alafu endelea na inayofuata. Kwangu anakuja anayetoka damu au anayetaka kutapika. Na kona moja ya ubao iwe na kazi ya waliomaliza mapema, manake mwepesi aliyemaliza na hana cha kufanya ndo huyo atakayeharibu darasa.

Viongozi wa grupu, watoto kama kumi na mbili hivi kwa darasa la 90, wabadilishe kila wiki mbili. Usimtumie yuleyule mwenye akili mwaka mzima, na yeye ni mtoto amekuja kusoma, hajaja kukusaidia kazi. Wafundishe kusaidia: usimpe jibu, muulize umeanzia wapi. Na monita asishike fimbo. Tangu sheria ya watoto iliporekebishwa 2016 hata wewe mwalimu huruhusiwi kuchapa, sasa unampaje mtoto wa miaka minane?

Mwambie hedimasta mapema. Mpitie ofisini, mwambie kuanzia wiki ijayo utasikia kelele kidogo P3, ni kelele za kusoma. La sivyo siku ya kwanza atapita koridoni atasikia mvumo, ataingia, watoto wote watasimama kumsalimia kwa wimbo, na kipindi kimeisha.

Ukishakaa naye

Kaa chini, kiti kidogo au benchi, pembeni ya darasa ambapo mgongo wako uko ukutani na unawaona wengine wote. Usisimame juu ya mtoto, akili inamruka. Dakika tatu zinatosha, watoto watano ni robo saa, nusu ya kipindi.

Usianze kufundisha. Anza kwa kumwambia akuonyeshe. Ngoja nikupe mfano mmoja wa P3. Swali ni 52 toa 17, mtoto ameandika 45. Kawaida tunaweka ekisi nyekundu, tunaandika jibu sahihi pembeni, tunaenda daftari lingine. Kesho anapata 61 toa 28 anaandika 47, ekisi tena. Sasa kaa naye umwambie nieleze ulifanyaje. Katoto kanakwambia bila wasiwasi kabisa: "saba toa mbili tano, tano toa moja nne." Umeona? Siyo kwamba hajui kutoa, anatoa vizuri sana, ila yeye anachojua ni kwamba ndogo inatolewa kwenye kubwa, haijalishi iko juu au chini, na pengine sisi wenyewe ndo tulimwambia P1 kwamba huwezi kutoa kubwa kwenye ndogo. Ekisi mia moja hazitamwambia hilo. Chukua vijiti, mafungu matano ya kumi na vijiti viwili pembeni. Mwambie nipe saba. Atatazama vile viwili, atakutazama wewe. Subiri. Usiseme. Wengi wao watagusa fungu moja na kuuliza "nifungue?" Fungua. Sasa ana mafungu manne na vijiti kumi na viwili, anakupa saba vinabaki vitano, anakupa na fungu moja yanabaki matatu, 35. Afanye na nyingine moja, uandike kwenye kaunta buku, aende. Wiki hiyohiyo utagundua hayuko peke yake, kuna wengine kumi na kitu wana ugonjwa huohuo, na hapo unawafundisha pamoja mara moja. Ndo faida ya kukaa na mmoja, anakufungulia macho kwa wengi.

Kusoma nako kuna ujanja wake. Utakutana na mtoto anasoma ukurasa mzima bila kukosea, sauti nzuri, unataka kumpigia makofi. Funika picha na mkono wako. Alafu gusa neno la mwisho wa ukurasa, umuulize hili ni nini. Kisha neno la katikati. Anayejua kusoma atasoma, anayekariri ataanza kunong'ona kutoka mwanzo wa ukurasa mpaka afike pale. Watoto wanaokariri wana akili sana, ndo maana wanapita bila kuonekana mpaka P4 vitabu vinapokuwa virefu, ikawa haikariliki tena. Huyo mrudishe kwenye silabi taratibu, bila kumwambia alikuwa anadanganya, manake hakuwa anadanganya, yeye anajua kusoma ndo huko.

Mpe kitu kimoja tu cha kuondoka nacho. Ukiona makosa manne chagua linalobeba mengine. Na mwache aeleze kwa lugha aliyonayo. P1 mpaka P3 mtaala wenyewe unasema lugha ya eneo, lakini eneo letu hili mtoto mmoja anaongea Lusamia, mwingine Ateso, mwingine wazazi wameoana huku na ng'ambo ya Kenya nyumbani ni Kiswahili tupu. Akikueleza hesabu kwa Kiswahili wewe sikiliza hesabu. Baraza la mawaziri lenyewe 2022 lilipitisha Kiswahili kifundishwe praimari na sekondari, hakuna atakayekufunga.

Kuwagawa kwa levo

Watano kwa siku hawatoshi kwa kusoma, kwa iyo mara tatu kwa wiki ongeza na hii. Wahindi wa shirika la Pratham ndo walioifanya ikajulikana, na kipimo chenyewe kinafanana na kile cha watu wa Uwezo wanaopita nyumba kwa nyumba kupima watoto kusoma: mtoto anajua herufi, au maneno, au aya fupi, au hadithi, au hajui kitu. Huhitaji mtihani wa karatasi. Karatasi moja yenye herufi, maneno, sentensi na kihadithi, mtoto anasoma, unaona ameishia wapi, dakika moja. Unaweza kuifanya katika zile siku zako 18.

Alafu kwa nusu saa watoto wanakaa kwa levo, siyo kwa dawati. Wa herufi wana kadi za herufi, wa maneno wanaunda maneno, wa hadithi wanasoma na kusimuliana. Wewe unakaa na wa chini kabisa, kila mara, usiwaachie mtoto awe kiongozi wao. Ukiweza kuelewana na mwalimu wa P2 mchanganye madarasa hapo ndo tamu zaidi, yeye achukue herufi na maneno, wewe uchukue waliobaki, wiki ijayo mnabadilishana. Kuna mwalimu atakataa, atasema wale siyo wangu. Muache, tafuta mwingine.

Jina la grupu lisiwe namba wala A, B, C. Watoto wachague, embe, nanasi, papai. Watajua tu maana yake, lakini haiumi sana. Na pima upya kila baada ya wiki nne tano, aliyepanda ahame hata katikati, la sivyo grupu linakuwa gereza.

Wale wasioonekana

Wasumbufu unawajua majina siku ya kwanza. Wazito unawajua kwa daftari. Wepesi wanakuja wenyewe. Wanaopotea ni wale wa katikati, wasafi, wanyamavu, wanapata sita kwa kumi kila siku, hawana kesi. Jaribu usiku mmoja kuandika majina ya darasa lako kwa kichwa bila rejista. Majina yatakayokukataa ndo hao. Kesho waanze wao.

Kile kipindi cha habari, ambapo watoto wanasimulia yaliyotokea nyumbani, walimu wengi wanakipitisha haraka haraka ili wafike hesabu. Mimi nakiona ni dhahabu. Chomoa vijiti vitatu, watatu wasimulie. Humo ndo utasikia jaja (bibi au babu) anaumwa, baba amehamia Kampala, jana hatukulala mvua iliingia ndani. Yote hayo yanaeleza daftari.

Na kabla hujamwita mtoto mzito, angalia masikio na macho. Simama nyuma yake hatua tatu, mwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka mara mbili tatu, mlete mbele, upande wa sikio linalosikia, na uwaambie wazazi wampeleke helthi senta, hasa kama sikio linatoa maji. Anayekunja uso akitazama ubao, au anayeandika vizuri akinakili kwa jirani na vibaya akinakili ubaoni, ni macho. Kuna mwingine ana funza miguuni hawezi kukaa akatulia, bambi, sisi tunamwita mtundu. Njaa nayo usiisahau, asiyekula chochote tangu jana kipindi cha saa tano hayuko na wewe, hata umkalie mbele.

Kumaka bila kulia

Daftari 90 mara masomo manne, hakuna mtu anamaka (anasahihisha) iyo kwa makini, tusidanganyane. Maka kwa kina daftari za watano wa siku tu. Zilizobaki, maka ukiwa unazunguka wakati wanaandika, nukta ya kijani pale ulipopita ukaona, mduara pale pana tatizo, mtoto arekebishe papo hapo. Maswali ya ndiyo au hapana tumia mikono: kifuniko cha soda juu chini, au vidole kifuani kwa majibu ya namba mpaka kumi. Ukitupa jicho mara moja umeona darasa zima.

Mvua ikipiga mabati hakuna anayekusikia, usipige kelele ukaharibu koo. Hiyo ndo taimu yako. Wape kuchora au kuandika, wewe ingia katikati na kaunta buku, mtoto mmoja baada ya mwingine, unaongea naye sikioni. Msimu wa mvua wa Machi mpaka Mei unaweza kumaliza mzunguko mzima hivyo.

Mikono mingine

Waliomaliza S6 (kidato cha sita) wakiwa nyumbani vakensheni wanangoja matokeo, kijijini wako, wengi wamekaa tu stendi ya boda. Mmoja akija asubuhi mbili kwa wiki kusikiliza watoto wakisoma, umepata mikono miwili. Ongea na hedimasta na kamati ya shule kwanza, ajulikane, akae darasani ukiwa upo, siyo chumba kingine peke yake na watoto. Wanafunzi wa ualimu wakija skuli praktisi usiwakabidhi darasa ukaenda kunywa chai, gawaneni: yeye afundishe, wewe uite watano wako, kesho mbadilishane.

Wazazi, usiwaite kwa kesi tu. Mzazi akiona namba ya mwalimu moyo unamruka, anajua ni karo ya mlo au mtoto amepigana. Tuma ujumbe mfupi wa zuri dogo: "Leo amesoma ukurasa mzima mwenyewe, muulize akusomee." Kama analelewa na jaja asiyejua kusoma, mwambie jaja kazi yake ni kusikiliza tu, mtoto asome, jaja aulize alafu ikawaje. Hiyo homuwaki kila jaja anaiweza.

Mwisho wa mwaka

P4 lugha ya kufundishia inageuka Kiingereza na watoto wengi wanapotelea hapo, siyo kwa sababu hawajui, ni kwa sababu mwalimu mpya hajui wanajua nini na kwa lugha gani. Kwa iyo wiki ya mwisho ya temu ya tatu toa kwenye kaunta buku mstari mmoja kwa kila mtoto: anasoma mpaka levo gani, hesabu anakwama wapi, sikio lipi halisikii, nyumbani wanaongea nini. Kurasa tatu nne hivi. Mpe mwalimu wa P4 mkononi, mkae naye hata nusu saa mpitie majina. Usiache kwenye kabati la ofisi, kitu kikiingia kwenye lile kabati ndo basi.